Filamu Iliyoingia Mwanga: Kumuaga Mzee Mbuthia

Ijumaa, tarehe 31 Agosti 2007, Mzee Mbuthia Mungai anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara yetu ya madai. Alipoajiriwa mwaka wa 1974 alipewa kamera moja na kazi moja: kupiga picha magari yaliyogongana, ili kampuni yetu ya bima ione kilichoharibika.

Amepiga picha katikati ya jiji na kwenye mitaro ya barabara ya Waiyaki Way, kwenye jua na mvua, kisha akarudi kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita, maana lifti yetu mnaijua. Kamera za dijitali zilipoletwa mwaka wa 2003, alizizoea kwa siku mbili. Alifikisha picha mia nne kwa wiki. Alituambia zilimchosha kuliko ngazi, kwa sababu hakuna aliyezitazama mara ya pili.

Basi akarudia filamu, kila Jumamosi. Kamera ya kwanza ya zamani aliinunua Kileleshwa kwa Bi. Jashoda, mjane wa mwenye studio ya picha. Leo anazo kumi na tisa, na mkewe hulalamika kwamba nyumbani kwao Kinoo kamera zina chumba chao na wageni hulala kwenye kochi. Kwa hizo hapigi picha za magari. Amechoka na vitu vilivyovunjika, anasema. Hupiga picha za watu wakiwa wazima.

Februari, wenzetu kumi na wanne walipoachishwa kazi, meneja wetu, Bw. Alkarim, alimwagiza picha ya kuwaaga. Mzee akaomba atumie filamu. Alitupanga dirishani, akamwambia Phoebe wa chai avue aproni, Phoebe akakataa katakata, tukacheka siku ambayo hatukutarajia kucheka. Picha hiyo haikutoka. Mzee alimweleza meneja kwamba alisahau kufunga kamera, akaandikiwa barua ya onyo, ya pekee katika faili lake.

Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Na aliyefungua kamera ni mimi. Nilipewa niishike kidogo, nikafungua mlango wake wa nyuma nione kama tumetoka vizuri, jinsi tunavyotazama zile za dijitali. Mwanga ukaingia, filamu ikaharibika.

"Njambi, funga kwanza, kisha uogope," Mzee aliniambia.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, na tulisikia majina mengine ya kuachishwa kazi yatafuata. Alilijua hilo, akabeba kosa langu.

Tangu hapo nimesikia ikisemwa kwamba Mzee amezeeka, anasahau. Hakusahau. Leo asubuhi, kabla ya ukurasa huu wa jarida letu kwenda kwa mpiga chapa, nimempelekea Bw. Alkarim maelezo yangu, nikiomba barua ile iondolewe kabla ya Ijumaa. Bado sijajibiwa.

Asante, Mzee, kwa kazi yako na kwa kunisitiri miezi sita. Samahani kwamba nilinyamaza. Sisi sote wa ghorofa ya sita tunakutakia Jumamosi nyingi zenye mwanga mzuri, na uondoke hapa na jina lako safi.

Njambi Mwaura, karani, idara ya madai