Neno Alilokosea Daudi

Mwaka 1957, kwenye kona ya soko la cité, mtaa wa Waafrika, hapa Kisangani, Mama Agathe aliuza kahawa mbele ya benchi moja refu. Kila saa kumi ya jioni tulikaa hapo watatu: Théodore wa bandarini, tuliyemwita Gouverneur, yaani Gavana, kwa sababu ya kupenda kuamuru, René, fundi baisikeli, jina lake la utani Gazeti, na mimi Michel, mkalimani wa tribunali, waliyeniita Monsieur Dictée, Bwana Imla. Jioni moja tulikuwa tukizungumzia shule. Jumamosi iliyopita, kwenye sherehe, ilikuwa imewapa cheti, brevet ya lugha mbili, vijana waliomaliza wakijua sawasawa Kifaransa na Kiswahili. Wanane walipata. Daudi, mtoto wa Kadidja, ambaye aliwaandikia barua watu wa cité nzima, hakupata.

— Ni ile kofia yake, akasema Gazeti. Directeur wa shule iko mon père, padri. Hapendi kofia ya Waislamu.

— Hapana, akasema Gouverneur. Kofia anavuaka mu classe. Kiswahili yake njo iko mingi sana. Mutu wa vile anaweza kusikia redio ya Kairo. Serikali inaogopa.

— Alors, karatasi yake ilienda Bruxelles.

— Ilienda na ndege. Kule iko machine ya kunusa wino. Mutu akiandika na roho ya nguvu, machine inakataa.

— Kunusa wino?

— Nilisikia ku bandari.

Gazeti akanigeukia.

— Weye Dictée, mbona unanyamaza?

— Sijui kitu, nikasema.

Nilijua. Hakuna karatasi iliyokwenda Bruxelles. Directeur alinipa mimi zile tafsiri za mtihani nizisahihishe, maana nilisifika kwa Kiswahili cha kortini. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Wagenia; Kiswahili changu nilikiokota sokoni na kazini. Daudi alikuwa ameandika maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Niliona aibu kuuliza. Nikakata kumi na moja kwa wino mwekundu, nikatia sahihi.

Baadaye nilimwuliza fundi cherehani mmoja Mwislamu, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa, “maporomoko” ni nini. Hakuinua hata kichwa.

— Ni ile mayi inaanguka kwenu, kwa Wagenia.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya sherehe. Ningeweza kurudi kwa directeur. Sikurudi.

Tukiwa bado na habari ya machine, Kadidja mwenyewe akafika. Hakuwahi kusimama kwenye benchi letu hata siku moja.

— Jambo, ba papa. Daudi analala tu tangu Jumamosi, hataki kula. Anasema hajui alikosea wapi. Miye sikusoma. Muniambie tu: neno gani alikosea?

Gazeti akamtazama Gouverneur. Gouverneur akatazama kikombe chake.

— Hakukosea, mama, nikasema. Miye njo nilisahihisha. Sikujua maneno yake. Nikayakata.

Gouverneur akasogea, pakabaki nafasi kati yetu.

— Ulijua lini kama ni ya kweli? akauliza Kadidja.

— Siku mbili mbele ya sherehe.

— Na leo ulikaa hapa, unawasikiliza tu.

Nikaweka kikombe changu chini.

— Bon. Twende kwangu. Utamwambia weye mwenyewe. Hiyo maneno siwezi kuibeba na kinywa yangu.

Nikainuka. Hakuna aliyeniaga. Njia nzima alitangulia mbele bila kugeuka, na mimi nikamfuata huku watu wakinisalimu kwa heshima, “Monsieur Michel, Monsieur Michel,” na kila salamu ikinichoma.

Brevet yake Daudi aliipata mwezi wa tisa, nilipokwisha kumwambia directeur ukweli, ofisini, bila mtu kumpigia makofi. Lakini jioni ile alikuwa hajui bado aliyemkata ni nani. Alitoka mlangoni, macho yamevimba, akanisalimu kwa mikono miwili, akaniita tonton, mjomba, akaingia ndani kuniletea kiti.

Sikuweza kukikalia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.