Mpima Macho Wetu Apimwa Macho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwauliza wagonjwa walivaa lenzi mara ya mwisho lini, na kutoamini jibu, mpima macho wetu mwandamizi anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Wagonjwa walimbatiza Bi Hakimu, na sisi tukafuata.

Alianza kazi wakati chumba cha vipimo kilikuwa stoo ya mapazia, na mashine ilikuwa haiwaki mpaka ipigwe kofi. Mpigaji alikuwa yeye. Mafundi walikuja wakaenda, lakini mashine ilimsikiliza yeye tu.

Kwa wageni wasioijua kazi yake: anayetaka kufanyiwa upasuaji wa leza ili aachane na miwani, lazima kwanza apimwe umbo la jicho. Lenzi zinazovaliwa juu ya jicho hulibonyeza bila mwenyewe kuhisi. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa aziache wiki kadhaa, avae miwani, jicho lirudie umbo lake. Leza ikifuata vipimo vya uongo, mtu huondoka na macho mapya yenye kasoro mpya.

Sasa, watu huacha sigara, huacha pombe, huacha hata wachumba. Lenzi hawaachi. Binti mmoja aliapa kuwa hajazigusa, huku mama yake aliyekaa pembeni akitikisa kichwa. Mhubiri mmoja alijitetea kwamba alivaa kidogo tu, jicho moja. Bi Hakimu hakuwa akibishana na mtu. Alinyamaza, akamtazama, mtu akaungama mwenyewe, akarudishwa nyumbani.

Mwaka huu zamu ikawa yake: aliomba naye afanyiwe leza. Wachache tulijua kwamba naye ni mtu wa lenzi tangu usichana, na kwamba miwani yake, mizito kama vitako vya chupa, haijawahi kutoka nje ya nyumba. Aliacha lenzi vizuri tu, mpaka mpwa wake alipoolewa. Shangazi mtu angeingiaje ukumbini na vitako vya chupa usoni? Akavaa. Kesho yake akavaa tena, kwa kuwa picha zilikuwa hazijaisha.

Aliyempima ni mwandishi wa wasifu huu, aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Bi Hakimu alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba ameziacha wiki tatu. Kioo cha mashine kilionyesha mengine. Mwandishi alinyamaza, akamtazama. Kwanza Bi Hakimu alisema ni sherehe moja tu. Kisha akasema mashine imezeeka. Mwishowe akashauri ipigwe kofi.

Alirudishwa nyumbani kama wenzake. Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu haki ya mtumishi kufanyiwa upasuaji hapa kliniki huisha siku anapostaafu na kurudisha kitambulisho, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa leo alasiri. Akavaa miwani kazini, ya zamani, ambayo nguvu yake haikumtosha tena. Asubuhi moja aliliamkia koti la daktari lililotundikwa mlangoni, akanuna lilipokaa kimya.

Siku moja tukinywa chai alitueleza, bila utani, kwa nini anautaka upasuaji huu kufa na kupona. Tangu aolewe hajawahi kufumbua macho asubuhi akamwona mumewe. Huona ukungu unaokoroma, mpaka apapase mezani apate miwani. Mwandishi aliona aibu kwa kucheka kote kule.

Vipimo vya juzi vimekaa sawa. Ndiyo maana leo amekuja hana wanja, hana poda, hana manukato, kama masharti yanavyotaka, na mpiga picha anaombwa asilalamike. Saa nane kamili atalala chini ya leza, kitambulisho kikiwa bado shingoni. Mkurugenzi ameombwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ahutubie dakika tano tu.

Bi Hakimu, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutotuamini pale tulipostahili kutoaminiwa. Shemeji yetu, mumeo, amekuwa akinyoa ndevu kila usiku kabla ya kulala, na jana alipiga simu kutuuliza kwa unyenyekevu kama upasuaji hauwezi kuahirishwa kidogo. Tumemjibu hauwezi. Tunakutakia ustaafu wenye afya na furaha tele, na kwa hilo la kesho asubuhi, tunawatakia nyote wawili moyo wa ujasiri.