Waliokesha Kizwite

Noah ya abiria wa Milepa ilikuwa haijaacha lami, kijana aliyekaa mbele yangu akapiga miayo na kumtaka radhi bibi wa pembeni yake. "Nisamehe, bibi. Jana tulikesha."

"Hata sisi tulikesha."

Kijana akacheka. "Kiwanja gani, bibi?" Siku hizi baa wanaiita kiwanja.

"Kwenye msiba wa mdogo wangu Cornelia. Pale Kizwite, nyuma ya ile baa mpya yenye taa za zambarau."

Kicheko kikaisha. Kumbe ndiye anayepiga muziki pale. "Tulipunguza sauti, bibi. Tuliambiwa kuna msiba."

"Sauti mlipunguza. Watu wangu ndio hamkunirudishia." Alieleza bila hasira kwamba baridi ilipozidi, waombolezaji waliaga mmoja mmoja, kila mtu anakwenda kujisaidia. Hadi alfajiri alibaki yeye, jeneza na moto uliozimika.

"Kuna wazee waliingia," kijana alikiri. "Walikaa kimya. Nilipopiga zilipendwa wakainuka. Mmoja mwenye koti la kijivu alicheza mpaka tunafunga."

"Huyo ndiye mume wa Cornelia."

"Labda ni uchungu, bibi. Kila mtu na namna yake."

"Uchungu ungembakiza nyumbani."

Walibishana hivyo, kwa sauti za chini, mpaka Milepa, ambako mwili ulikuwa umetangulia kwa pikapu. Gari liliposimama, mwenye koti la kijivu alikuwa ameshikiliwa na watu wawili, analia hadi sauti imemkauka. Bibi na kijana wakatazamana, kila mmoja kana kwamba ameshinda, na hakuna aliyefungua mlango.