Boneti ya Elkana Isipakwe Rangi

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani na nyote mliotoka Sindo, Mbita na Migori kuja hapa Kegonga kutulilia, naitwa Boaz, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niyasome maisha yake.

Marehemu Elkana Nyamhanga alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 katika boma hili hili, mtoto wa kwanza wa Mzee Mniko na Mama Robi, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani hadi mwaka 1964, kisha mwaka 1966 akashuka mjini Migori kujifunza kazi ya kupaka magari rangi, akaifanya kwa miaka mingi na baadaye akapata leseni ya udereva. Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Rael Mokeira, na Mungu akawajalia mabinti watatu, Terry mwaka 1979, Liz mwaka 1982, na Milka mwaka 1986. Mwezi Februari 1983 aliajiriwa huko Sindo kuwa dereva wa kliniki ya kanisa inayozunguka vijijini, na mwaka 1990 akakabidhiwa Landkruza mpya nyeupe, na tangu siku hiyo, tuseme ukweli, shemeji yetu Rael alipata mke mwenza.

Gari lile lilipita kwenye mawe, miiba na tope la udongo wa mfinyanzi, na bado liling'aa. Hakuruhusu mtu kupangusa vumbi kavu, kwa sababu alisema vumbi la murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, ni msasa, bali lilimwagiwa maji kwanza, likaoshwa kivulini kwa kitambaa cha pamba, matope yakakwanguliwa chini kwenye magurudumu, wadudu wa ziwa waliopasukia kwenye boneti wakaondolewa kabla jua halijawakausha, na mkwaruzo wowote ukapigwa msasa, ukapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe, mwisho nta, hata wewe uliyekuwepo gari likikwaruzwa usiweze kuonyesha ni wapi.

Mnajua desturi yetu ya kufunga matawi kwenye gari linalomleta marehemu nyumbani. Elkana aliwabebea watu wengi wapendwa wao bila kununa, lakini matawi kwenye boneti alikataa katakata, akiwaambia, "Matawi shikeni na mkono, hii gari haina nguo ingine," na wako humu waliomkasirikia kwa hilo, wengine mpaka leo.

Mwezi Juni 1993, Milka, kitinda mimba wake, aliyekuwa ndio kwanza amejua kuandika, alichukua msumari akaandika jina lake kwenye mlango wa kushoto wa gari, herufi K ikitazama nyuma. Baba yake alimgombeza mpaka mtoto akakimbilia kwa jirani, na kabla jua halijatua alikuwa amelifuta jina hilo kwa msasa na rangi, akaitazama kazi yake, akaridhika. Tarehe 9 Agosti 1994 malaria ilimchukua Milka wetu.

Elkana mwenyewe ndiye aliyemleta mtoto wake hapa kwa gari lile, na mwenyewe ndiye aliyekata matawi akayafunga kwenye boneti, barabara mbovu ikayasugua kwenye rangi njia nzima. Watu walidhani atapaka upya wiki hiyo hiyo. Hakupaka. Alipitisha vanishi juu ya mikwaruzo ili kutu isiingie, akawa anaipaka nta kila Jumamosi, nayo ipo mpaka leo kwenye gari lisilo na doa lingine. Ule mlango wa kushoto alikuwa akiumwagia maji asubuhi, anainama, anautazama kwa upande, akiitafuta ile K iliyogeuka, asiione, kwa sababu aliifuta vizuri mno. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa uliomuua, naye aliniambia hivyo kwa kinywa chake.

Mwezi Novemba 1997 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa Sindo, kisha Homa Bay, ikagundulika kuwa ni saratani ya ini, na Alhamisi tarehe 3 Septemba 1998, saa nne asubuhi, akatutoka, Rael akiwa amemshika mkono.

Kliniki imetuarifu, kwa nia njema, kwamba gari litapakwa rangi upya kabla ya kupewa dereva mwingine. Mbele yenu nyote familia inaomba boneti ile isiguswe, na ule mlango pia, maana hatuna picha ya Milka hata moja. Jana tulipomchukua marehemu mochari huko Homa Bay kwa gari lile lile, mmoja wetu alitandika blanketi kwenye boneti, kwa heshima yake, matawi yasikwaruze. Rael aliliondoa, akayafunga matawi mwenyewe juu ya rangi tupu, akasema baba na mtoto waandikwe mahali pamoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Sindo waliokesha msibani na shemeji yetu Rael, wafanyakazi wenzake wa kliniki, na Mahmud mwenye duka la nguo, aliyekuwa akimwekea mabaki ya vitambaa vya pamba vya kuoshea gari kwa miaka yote hiyo.

Kaka, kitambaa kiweke chini sasa, gari limetakata. Nenda kwa mtoto wako, pumzika kwa amani.