Historia ya Papa Salomon Ngoy, Aliyefundisha Mashine Kulala

Atakayebisha abishe sasa hivi, kabla karatasi haijafunguliwa, kwa sababu haya yatakayosomwa mbele ya jeneza la Papa Salomon Ngoy hayafanani kabisa na ukweli, na wapo kati yenu, hasa ninyi wenye diploma mliowahi viti vya mbele, mnaosema moyoni kwamba Jovial ameanza tena, kwamba mtu aliyeacha shule mwaka wa tatu wa sekondari mambo ya mashine atayajulia wapi, lakini familia ilipokaa jana kutafuta msomaji ilimchagua yeye, kwanza kwa sauti yake, ambayo hata mkiziba masikio itawafikia, na pili kwa kuwa ndiye mpwa aliyekaa na marehemu katika biro moja, yaani ofisi, karibu miaka mitatu, basi mtuvumilie.

Papa Salomon alizaliwa tarehe 12 Juni 1946 huko Niemba, katika nyumba ya udongo iliyokuwa hatua sitini kutoka kwenye reli, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa stesheni, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kuhesabu mabehewa kabla ya kujua kuhesabu vidole vyake.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Niemba kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, na mwaka 1960, vurugu zilipofika huko, familia ilifunga mizigo ikafuata reli kwa miguu mpaka Albertville, yaani hapa hapa Kalemie, ambapo alijifunza ufundi wa umeme kuanzia mwaka 1961 na kupata brevet yake, yaani cheti cha ufundi, Julai 1965, akiwa wa pili katika darasa la watu kumi na tisa, na wa kwanza, alikuwa akituambia kila Krismasi, alimwibia majibu.

Tarehe 3 Januari 1966 aliingia kazini katika karakana ya reli, sehemu ya umeme, akapewa jetoni, kisahani cha shaba namba 214, ile mnayoiona juu ya jeneza, na hapa sikilizeni vizuri, kwa maana historia yote inakaa juu ya kishaba hiki, kwa kuwa desturi ya karakana ilikuwa kwamba fundi anayeingia chini ya mashine anatundika jetoni yake kwenye ubao ulio kando ya swichi kubwa, akitoka anaishusha, na maadamu jetoni hata moja inaning'inia, hakuna mkubwa wala mdogo anayegusa swichi, hata mkurugenzi awe amechelewa vipi, na katika miaka thelathini na miwili Papa Salomon hakusahau jetoni yake ubaoni hata siku moja.

Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na Mama Emerance, huyu aliye mbele yenu, ambaye wakati huo alikuwa akiwacheka vijana wa reli kwa kunuka mafuta, na alipoulizwa mbona amemkubali mmoja wao alijibu, "Huyu njo anajua kungojea," nao wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa dada yetu Bibiane, na wote wanne walisoma wakamaliza, msiniangalie hivyo, wapwa hawamo katika hesabu hiyo.

Mwezi Agosti 1998 vita ikaingia mjini, treni zikasimama, karakana ikafungwa, umeme ukawa wa kubahatisha, na ndipo wazazi wa mtaa wetu walipounda kituo cha afya Faraja, wakampa Papa Salomon kazi ya kuangalia foni, yaani redio ya masafa marefu ya kuitia dawa kutoka Kigoma, ambayo wenye silaha waliiruhusu kufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, isizidi hata dakika, nayo ilikula umeme wa betri mbili za lori zilizojazwa na kipande cha paneli ya jua kilichopasuka kona.

Mwezi Machi 2000 mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao alitupatia kompyuta, na modemu ya kuiunganisha na foni ili barua zipite hewani, lakini furaha haikumaliza juma, kwa sababu modemu ile ilikuwa haijui kupumzika, iwe na barua au isiwe na barua ilikaa macho na kuikesheza redio pamoja nayo, na kufika saa nne betri zimekwisha, na muuguzi wetu Mama Cécile akawa anaimba kila asubuhi, "Papa Salomon, mutoto wako wa chuma amekula tena chakula cha nyumba nzima!"

Mtu mwingine angeomba betri ya tatu, lakini yeye aliuliza ni nani anayeiamuru modemu, akaonyeshwa kwamba kompyuta ile ilikuwa na Linux, mfumo usiofichwa, ambao kila mtu anaweza kusoma maandishi yake ya ndani mpaka kwenye kiini kinachoamrisha mengine yote, na kwamba ndani ya kiini kila kifaa kina kiendeshi chake, kipande cha maandishi kinachozungumza na kifaa hicho tu, basi mzee huyu wa miaka hamsini na mitatu akachukua kitabu kinene cha Kiingereza, lugha asiyoijua, na kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada, akasoma miezi kumi na mmoja, na wapita njia walipomcheka kwamba anasomea upadri uzeeni aliwajibu, "Ndiyo, na kitubio chenu nitakisikiliza kwa saa nyingi."

Mwezi Februari 2001 alimaliza kiendeshi chake, na alitueleza hivi, kwamba kifaa kikikatiwa umeme kinasahau kila kitu, kwa hiyo kabla ya kukilaza uandike pembeni yote uliyokuwa umekiambia, na kikiamka ukiambie tena kuanzia jina lake, pili, kwamba modemu ilazwe kabla ya redio, kwa kuwa modemu ndiyo inayoitegemea redio, na redio iamke kabla ya modemu, kama vile Mama Emerance alivyokuwa akilaza watoto kwanza na kuamka kabla yao, na tatu, ambalo ndilo kubwa, aliuchukua ule ubao wa karakana akautia ndani ya kiini, akaugeuza, kwamba programu yoyote inayotaka modemu itundike jetoni yake, ikimaliza iishushe, na kiendeshi kihesabu, na hesabu ikifika sifuri ndipo modemu ilazwe, wala si kabla, na tangu siku ile betri zilianza kufika saa sita zikiwa na nusu ya nguvu zao, na Mama Cécile akaacha kuimba.

Kero ilibaki moja tu, kwamba kuamka kulichukua sekunde arobaini, na mpwa wake Jovial, aliyekuwa mtu wa kutuma na kupokea barua za foni, alilalamika kwamba katika sekunde arobaini mtu anaweza kuoa na kuachana, naye marehemu akamwambia, "Basi oa, ukirudi itakuwa imeamka."

Tarehe 14 Mei 2001, kipindupindu kikiwa kimeshika mitaa ya ufukweni, mtumbwi wa injini uliopakiwa serumu, maji ya dripu, ulikuwa Kigoma ukingoja barua moja tu ya kuuambia kwamba kutia nanga Kalemie kumeruhusiwa, na barua hiyo ilipotakiwa kutumwa saa nne na nusu betri zilikuwa zimekufa, kiendeshi kilikuwa hakijailaza modemu tangu asubuhi ya jana yake, mtumbwi ukakaa Kigoma siku mbili zaidi, na kwa siku hizo mbili Mama Cécile na wanawake wa mtaa walichanganya maji, chumvi na sukari kwa ndoo, wakawanywesha wagonjwa arobaini na mmoja kijiko kwa kijiko, na wote arobaini na mmoja wakapona, wengine wenu mko hapa, mnyooshe mikono, asanteni.

Tarehe 20 Mei kamati ya kituo iliketi, ikamwuliza Papa Salomon kilichotokea, naye alisimama na kusema maneno yaliyoandikwa katika daftari la kituo, "Kosa liko katika maandishi ya kiendeshi, na mwenye kuyalinda ni mimi," akatia sahihi, akaondolewa kwenye mashine, akaenda kulima mihogo, na kisimani Mama Emerance akawa anaulizwa kama bwana yake amelaza mashine nyingine leo, mpaka tarehe 3 Septemba, kamati ilipoona kwamba siku mia na zaidi zimepita na betri hazijafa tena, ikamrudisha kwa heshima.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwezi Oktoba 2002, akalazwa mara mbili, mara ya mwisho tarehe 26 Februari mwaka huu, na siku nne kabla hajatutoka alimwuliza mpwa wake aliyekaa kando ya kitanda, "Foni iko macho?" akajibiwa imelala, akauliza, "Na wakiiita?" akajibiwa itaamka, akauliza kwa sekunde ngapi, akaambiwa ni zile zile arobaini, akacheka mpaka muuguzi akamkataza, halafu akasema, "Na weye, sasa unaweza kuzingojea?" na mpwa, kama kawaida yake, alijibu kwa mzaha, na Papa Salomon alifariki dunia tarehe 9 Machi 2003, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita, akiacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka katika siku ambazo hata pamba ilikuwa haipatikani, inamshukuru Mama Cécile aliyelala hospitalini kana kwamba marehemu ni kaka yake wa tumbo moja, inawashukuru majirani walioleta kuni, maji na unga tangu msiba ulipoanza, na wenzake wa reli waliotembea kutoka mbali, mmoja kutoka Niemba yenyewe, wakaja na jetoni zao mifukoni, tumewaona, Mungu awalipe.

Karatasi ya familia inaishia hapo, lakini kuna sehemu niliyoiruka, na sasa sitasema tena mpwa wake, nitasema mimi.

Mstari unaoshusha jetoni niliufuta mimi, Jovial, asubuhi ya tarehe 13 Mei, kwa sababu nilikuwa namwandikia kwa foni Reine, msichana wa Moba, nilitaka aone kwamba najibu upesi kuliko wanaume wote wa ziwa hili, na sekunde arobaini zilinichosha, kwa hiyo hesabu haikufika sifuri, modemu haikulala, na mengine mmeyasikia, na siku ya kamati nilikaa nyuma kimya, na Mjomba alipoondolewa nilikabidhiwa mimi ufunguo wa biro, nikautembeza mtaani kidoleni, mliuona.

Nilidhani hakujua ni nani aliyeufuta, lakini juzi nilifungua kile kiendeshi nitafute tarehe za kuwasomea, na pale pale nilipofuta nikaukuta mstari umerudishwa, na pembeni yake maneno ambayo mashine inayaruka na mtu tu ndiye anayeyasoma, yenye tarehe 15 Mei, siku tano kabla ya kamati, yanasema, "J., usifute tena hapa, itaamka tu, ngojea."

Mama Emerance, waliokucheka kisimani walipaswa kunicheka mimi, na kamati, daftari lile nitalisahihisha leo kwa jina langu, na wewe Mjomba, asante kwa kunilinda miaka miwili nisiyostahili, jetoni yako nimeishusha kutoka juu ya jeneza kwa mkono wangu, ubao uko wazi, pumzika kwa amani.