Malka Niliyoichora kwa Kubahatisha

Ndugu zangu wa chama, salamu za msikitini na za kanisani zote nimezipokea. Mwenyekiti aliponiomba nisimame leo nilimwambia nina mafua. Sina mafua. Nina aibu, na nimeona heri niiseme hapa, mbele ya watu waliojiajiri kama mimi, kuliko kuendelea kutembea nayo.

Wengi mnanijua kama yule dada wa ramani. Kuanzia hapa Garsen mpaka Idsowe, mtu akitaka mchoro wa shamba au wa mtaro, huniita. Sina ofisi. Ofisi yangu ni kompyuta ndani ya mkoba na pikipiki. Kazi zangu zote huziweka kwenye ile hifadhi ya mtandaoni, wingu wanavyoiita, na wakati ule nilijivunia jambo hilo mpaka nikawa nachosha watu. Mnacheka, lakini wengine wenu niliwachosha nyinyi.

Basi kamati moja ya upande wa kijiji cha Wema ikanipa kazi. Ilikuwa kamati ya wakulima na wafugaji pamoja, na walitaka nichore malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Siwezi kuwafundisha nyinyi malka ni nini. Ikisogea kidogo upande mmoja, ng'ombe wako ndani ya mahindi ya mtu. Ikisogea upande wa pili, ng'ombe wanakosa maji kiangazi. Humu ndani kuna waliozika ndugu zao kwa ajili ya jambo hilo, kwa hivyo sitaendelea.

Tuliitembea njia yote, wazee wa pande zote mbili mbele, mimi nyuma na kifaa cha kuchukulia vipimo kwa satelaiti nilichoazima kwa rafiki yangu wa Madogo. Kila pahali waliposimama wakakubaliana, nilibonyeza. Walibishana sana kwenye ukingo wa shamba la mama mmoja mjane mwenye miembe. Mwishowe wakakubali njia ipinde, miembe ibaki salama. Mama akatuletea maji ya kunywa, Waorma wafugaji kwa Wapokomo wakulima, tukanywa kwa kikombe kimoja.

Kabla hatujaachana mzee mmoja wa wafugaji akaniambia, "Binti, tutolee karatasi. Kila upande ukae na yake."

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, karatasi italowa mafuriko yakija. Hii yangu iko mtandaoni. Hailowi, haiungui, haiibiwi."

Wazee wakatazamana, wakaniachia. Vipimo nikavihamishia kwenye wingu, kifaa nikakirudisha Madogo, na mwenyewe akafuta vipimo vyangu ili aendelee na kazi zake. Sikuona shida yoyote.

Sasa nawaambia, hapa mnisikilize vizuri, maana najua wako wenzangu wanaofanya hivi hivi. Kompyuta yangu ilijaa. Nikajiambia, si vitu vyote viko kwenye wingu? Nikafuta folda nzima ya kazi ili nipate nafasi. Sikujua kwamba ile folda ya kwenye kompyuta na ile ya kwenye wingu zimefungwa pamoja, kwamba ukifuta hapa, na kule inafutika. Huko mtandaoni faili zilikuwa zimeingia kwenye pipa la taka, na zingekaa humo kwa muda. Ningeziokota. Lakini nikaletewa ujumbe kwamba na wingu nalo limejaa, na pipa ndilo lililojaza. Nikalimwaga bila hata kutazama ndani. Hakuna mwizi aliyeingia, ndugu zangu. Ni kidole changu hiki.

Mvua zikapita. Kiangazi kikaanza kubana, ng'ombe wakawa njiani kutoka huko nyikani, na kamati ikapiga simu: leta ramani. Nikafungua, folda haipo. Nikaandika Wema pale pa kutafutia, nikaletewa picha za harusi ya binamu yangu.

Hapo ndipo ningesema. Ningepiga simu tu, wazee wangu nimepoteza vipimo, naomba turudi tutembee. Asubuhi moja ya kutembea ingetosha. Lakini ningeanzaje, na ni mimi niliyewacheka kwa kutaka karatasi? Nikakaa chini nikaichora malka kwa kubahatisha. Ule mpindo wa kwa mama niliukumbuka, ila sikukumbuka unaanzia wapi. Nikauweka pahali palipopendeza machoni. Nikatia rangi, nikatia mshale wa kaskazini, nikagonga muhuri wangu. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Mpaka leo nikiikumbuka uso unaniwaka.

Wakaipokea. Mmoja wa wakulima akaguna kwamba yeye alikumbuka vingine. Mwenzake akamtania, "Wewe jana umesahau ng'ombe wa nani ni wa nani, leo unashindana na satelaiti?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Siku chache baadaye wakanituma nikapige picha za njia iliyofunguliwa. Nilipofika kwa yule mama nikakuta mwembe umelala chini na maembe yake mabichi, na kijana wa kukodi na shoka anapumzika. Mama alikuwa anaokota maembe anatia kwenye gunia.

"Karibu mwanangu," akaniambia. "Umekuja kuona? Mimi nilidhani tulikubaliana ng'ombe wapite kule nje. Lakini jua lilikuwa kali siku ile, pengine sikusikia vizuri. Mimi na kompyuta tutabishana nini? Na sitaki damu ya mtu imwagike kwa sababu ya miembe yangu."

Nawaapia, nilisimama pale na simu mkononi kama niliyekuja kupiga picha tu. Yule kijana akanyanyuka, akaenda kwenye mwembe wa pili, akapiga shoka. Alipoinua tena, nikamshika mkono.

"Mama, ulisikia vizuri," nikamwambia. "Vipimo nilivipoteza. Hii ramani nimeibuni."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alikaa juu ya gogo la mwembe wake akaniuliza, "Kwa hivyo nilikuwa sawa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikalia.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa kamati nikasema yote. Yule mzee aliyeniomba karatasi aligonga fimbo chini kwa hasira. Akasema, "Binti, ungewaingiza ng'ombe wangu ndani ya shamba la mjane, na mimi ningeapa kwamba niko kwenye haki." Mwingine aliondoka bila kuniaga, na mpaka leo haniiti kazini. Sikumlaumu. Lakini waliobaki walikubali kutembea upya, na walipomaliza nikachapisha nakala, kila upande ukachukua yake mkononi.

Nawashukuru wazee hao, walioniacha nirudie kazi badala ya kunifukuza. Namshukuru rafiki yangu wa Madogo, aliyenikalisha akanionyesha kwamba wingu linalofuatana na kompyuta si nakala ya akiba, kwamba akiba hukaa pahali pengine pasipoguswa. Siku hizi nina diski iliyokaa kwa dada yangu, na sifuti kitu mpaka nimekifungua kutoka kwenye mashine nyingine nikakiona kwa macho. Nawashukuru na nyinyi mlionipa kazi ndogondogo wakati jina langu lilikuwa baya.

Somo langu ni fupi. Wingu litumieni, mimi bado nalitumia kila siku. Ila mkipoteza kazi ya mtu, mwambieni siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kukata vitu vyake kwa kuwaamini.

Juzi nilipita kwa yule mama. Mwembe wa pili umepona, alama ya shoka iko pale pale kwenye shina, na msimu huu umezaa. Akachuma embe, akaliosha, akanipa. Nikamwambia nitalila njiani. Akasema, "Hapana, lile hapa." Akasimama mbele yangu akinitazama. Nikalila lote mpaka kokwa, na lilikuwa tamu.