Risasi Nene, Risasi Nyembamba

Ndani ya basi, fundi cherehani aliketi nyuma ya wawindaji wawili, na kwa sauti zao kubwa basi zima liliwasikia.

"Nataka bunduki ya risasi nene zaidi," alisema mzee. "Yule nguruwe mwitu alikimbia na jeraha nililomtia. Mpaka leo nikimkumbuka chakula hakipiti."

"Shemeji, ulifumba macho kabla ya kufyatua," alisema mwenzake. "Bunduki yako inakupiga teke begani, nawe unaiogopa. Chukua ya risasi nyembamba, ulenge vizuri, mnyama asiteseke."

"Hiyo ni ya kufukuzia kunguru!"

"Na kunguru ulimkosa."

Fundi aliuma midomo asicheke. Basi likasimama. Mzee akatundika begi kwenye bega la kulia, akaguna, akalihamishia la kushoto.

"Nene," akasema, akishuka.